UZI: Konfigi (mafaili ya mipangilio ya programu) zilizokufa kwenye repo kubwa, unajuaje faili limekufa kweli kabla hujalizika?

fundi_seva (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, kama umesimama kwenye mwendokasi subiri ufike nyumbani ndo usome.

Ofisini kwetu (siitaji, tuko hapa hapa Dar na tunashughulika na malipo) kuna repo moja kubwa (hifadhi ya msimbo kwenye git, inayotunza kila badiliko) ilianza 2013, imepita mikononi mwa watu wengi na wengi wao washaondoka, wengine wamefungua vya kwao. Folda la konfigi limejaa mpaka linatisha. Kuna faili la kila mtandao wa simu, la kila benki, la kila seva iliyowahi kuwepo, alafu kuna yale ya test, test2, test_mpya, uat_kweli, prod_final na prod_final_TUMIA_HII. Kijana mpya akija akauliza hili linatumika, anajibiwa "nadhani". Akiuliza la pili anajibiwa "hilo usiliguse kabisa". Ni zile nyaya za kwenye nguzo pale Kariakoo, kila fundi anakuja anaongeza wa kwake na hakuna anayekata wa zamani maana hajui upi una moto.

Sasa watu wengi wanachukulia konfigi mfu kama uchafu tu, inachafua macho basi. Mi nasema hasara yake kubwa ni kwamba inadanganya. Sikilizeni hii. Mwisho wa mwezi usiku, mishahara imeingia, watu wanahamisha hela benki kwenda kwenye simu, miamala ikaanza kukwama. Jamaa wa zamu akafungua application-prod.properties iliyoko ndani ya programu akakuta hivi:

gateway.timeout=30
gateway.retry=3
# tumezima kwa muda, usibadili bila kuuliza

Hakuna wa kumuuliza saa hizo. Akaitoa 30 akaweka 90, akaijenga upya, akarestati, muda si mrefu miamala ikaanza kupita. Pongezi za kutosha kwenye grupu. Ikaandikwa mpaka kwenye mwongozo wa dharura, miamala ikikwama ongeza taimauti (muda wa kusubiri jibu). Kumbe ile thamani ilishahamishwa zamani kwenye vigezo vya mazingira vya seva (thamani zinazowekwa kwenye seva yenyewe, nje ya programu), na Spring Boot, mfumo wa Java tuliojengea programu, ikikuta kitu kiko kwenye vigezo vya mazingira na kiko pia kwenye faili la properties, vigezo vya mazingira ndo vinashinda. Ile 90 haikusomwa na yeyote. Upande wa pili ulikuwa umerudi wenyewe. Na tangu hapo kila mwisho wa mwezi mtu wa zamu alikuwa anabadili namba ambayo haiendi popote, anarestati seva wakati wa kazi nzito, yaani anaongeza tatizo akidhani anatibu.

Ndo maana bosi kasema tusafishe, na kazi kapewa mimi. Niko katikati, naleta nilichokiona mwenye uzoefu aongeze.

Sehemu rahisi ni mafaili ya vifaa (zana za kujengea na kukagua msimbo) ambavyo havipo tena au vimepitwa na wakati. Tulikuwa na .travis.yml wakati travis-ci.org yenyewe ilifungwa 2021, tuna bower.json, tuna tslint.json wakati TSLint ilitangazwa kustaafu 2019, na .eslintrc wakati tuko ESLint 9 ambayo kwa kawaida inasoma eslint.config.js na lile la zamani inalipita kama hailioni. Hayo unafuta mchana kweupe na hakuna atakayekuuliza.

Kazi iko kwenye yale ambayo programu yetu wenyewe inayasoma, au ilikuwa inayasoma, au inayasoma mara moja kwa mwaka. Kila mtu atakwambia piga git grep (tafuta kwenye repo nzima) jina la kitu, ikirudi tupu futa. Kwetu kuna mahali pameandikwa hivi:

getConfig("channel." + mtandao + ".url")

Yaani jina linaungwa programu ikiwa inatembea. Ukitafuta channel.halopesa.url kwenye repo nzima huipati popote zaidi ya kwenye faili lenyewe la konfigi, na muda huo huo kuna mtu yuko Mbagala anatoa hela kupitia hiyo hiyo.

Na jina la faili nalo lisikudanganye. Kuna tigopesa.yml na kuna ezypesa.yml. Tigo ilikuwa Yas mwishoni mwa 2024 na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, na Zantel yenyewe ilishamezwa na Tigo kabla ya hapo. Kijana wetu kaona majina ya zamani kayaweka yote mawili kwenye orodha ya kufuta. Nikafungua tigopesa.yml, ndani anwani ya leo, ufunguo wa leo, kila kitu cha leo, ni jina tu hakuna aliyehangaika kulibadili. Ezypesa kweli haisomwi. Mafaili mawili yote yana majina ya marehemu, moja linapumua.

Karibuni.

Bodaboda404

Uzi tayari, natia nanga hapa. Mimi nasoma komenti tu.

mzee_wa_logi

Kijana, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Nimekaa kwenye hii mifumo toka enzi za kudiploi (kupeleka programu kwenye seva) kwa flashi, na sijawahi kuona faili la kilobaiti nne linamlaza mtu njaa. Ila nimeona mara nyingi tu kijana kaja na moto wake kafuta "takataka" Ijumaa saa kumi, Jumamosi tunatafutwa kwenye harusi. Bosi wako anataka usafi, akishapata hitilafu atataka jina. Jina litakuwa lako.

Hiyo stori yako ya taimauti dawa yake ni kurekebisha mwongozo. Faili lina kosa gani?

fundi_seva

Shikamoo mzee. Mwongozo tumerekebisha. Ila huyo wa zamu hakuanzia kwenye mwongozo, alianzia kwenye faili kwa sababu faili lilikuwepo na limeandikwa prod. Saa nane usiku mtu anaamini anachokiona. Na atakuja mwingine ambaye hajasoma mwongozo.

Ila hilo la Ijumaa nimelichukua. Kufuta kwetu ni Jumanne asubuhi.

dada_wa_data

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kwenye "halimlazi mtu njaa" naomba nipinge kwa heshima. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Knight Capital, ilikuwa inanunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Tarehe 1 Agosti 2012 walipoteza kama dola milioni 440 ndani ya dakika 45 hivi. Chanzo kilikuwa kipande cha programu cha zamani kinaitwa Power Peg, ambacho waliacha kukitumia 2003 lakini hawakukitoa. Kikakaa humo. Walipoleta kazi mpya wakachukua swichi ile ile iliyokuwa inawasha Power Peg wakaipa kazi nyingine. Msimbo mpya ukaingia kwenye seva saba, ya nane ikasahaulika. Soko lilipofunguliwa swichi ikawashwa kote, kule kwenye ya nane ikamwamsha marehemu, akaanza kununua na kuuza bila kujua ameshatosheka.

Sasa huyo alikuwa amelala miaka tisa mzee. Aliyemwamsha hakujua kama kuna mtu kalala humo.

kijiwe_posta

Dada hiyo stori kila mtu anaileta kwenye hizi mada ila tuwe wakweli, pale kosa la kwanza ni la kudiploi. Seva nane umepeleka saba na hakuna anayehakiki. Kwenye ripoti ya SEC (wasimamizi wa soko la hisa Marekani) mle mle imeandikwa mfumo wao ulituma barua pepe 97 asubuhi ile kabla soko halijafunguliwa, zinataja Power Peg, na hakuna aliyezifanyia kazi. Sasa hata ungesafisha kila kitu, kama hamsomi tahadhari mtaanguka kwa kingine.

Na ile haikuwa faili la konfigi, ilikuwa msimbo wenyewe uliobaki.

dada_wa_data

Nakubali la kudiploi. Ila ondoa Power Peg 2005 mfano, alafu sahau hiyo seva ya nane vile vile. Nini kinatokea? Swichi inawashwa, haimkuti mtu. Unapata hitilafu ya kawaida ya seva moja kubaki nyuma, oda zake zinakwama, watu wanalalamika, yanaisha. Kilichogeuza kosa la kawaida kuwa msiba ni yule aliyekuwa ndani.

Na fundi_seva, kwenye lako ongeza hili, jina la swichi iliyokufa lisitumike tena hata kama ni zuri. Tafuta jina jipya.

fundi_seva

Hiyo naiandika. Tunazo swichi zinaitwa mode=1 mode=2 mode=3 na mbili ni nafasi wazi, kuna mtu alishaanza kuzitamani.

kernelini_tu

Naona mnazungumzia mifumo ya ofisi, ngoja niwaletee kubwa yao. Mimi nashughulika na vifaa vidogo vya Linux na kerneli (kiini) ya Linux yenyewe ina shida hii hii kwa ukubwa wa kutisha, na jinsi walivyoishughulikia ina somo.

Kila bodi (ubao wa saketi wa kifaa) ama familia ya bodi ina faili linaitwa defconfig, ni orodha ya vitu vya kuwasha unapojenga kerneli ya bodi hiyo. Zamani lile faili lilikuwa na kila kitu, maelfu ya mistari, hata vile ambavyo thamani yake ni ile ile ya kawaida. Upande wa ARM (aina ya prosesa) zilikuwa nyingi mno, kila badiliko dogo linagusa mafaili kibao, mpaka 2010 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akachoka akasema hazifai kwa jinsi zilivyo. Mtengenezaji mmoja wa kerneli, Uwe Kleine-König, akaandika skripti, inachukua mstari mmoja inauondoa, inaangalia kama matokeo yamebadilika, kama hayajabadilika mstari hauna kazi, unaenda. Mistari zaidi ya laki moja na tisini ikaondoka kwa mpigo, na bodi zikabaki zinajengeka vile vile. Baadaye kidogo ikaja make savedefconfig inayofanya kitu hicho hicho kwa sekunde.

Angalieni hapo alipima nini. Hakuuliza mstari una umri gani wala nani aliuandika. Alitoa akalinganisha matokeo.

mtoto_wa_sinza

Aisee kernelini_tu shusha nyingine. Kwa hiyo tukipata kifaa kama hicho kwenye repo yetu kazi imeisha?

kernelini_tu

Haijaisha mdogo wangu, na hapo ndo kwenye mtego ambao watu wa kerneli wenyewe wanakumbushana kila siku.

Kconfig, mfumo wa kerneli unaosoma hizo defconfig, ina tabia moja, ukiwa na mstari unaotaja kitu ambacho hakipo tena, haikugombezi. Inaupita kimya kimya. Kulikuwa na CONFIG_EXPERIMENTAL, ikaondolewa kwenye kerneli miaka ya 2013 huko, lakini mistari yake ilibaki kwenye defconfig za watu kwa miaka, haifanyi lolote. Huo ni mfu halali, futa.

Ila kuna wa aina ya pili. Kitu kimebadilishwa jina, au kimeongezewa sharti kwamba hakiwaki mpaka kingine kiwe kimewashwa. Defconfig yako bado inasema CONFIG_FULANI=y lakini sharti jipya hujaliweka, basi kimezimika bila wewe kujua. Ukipiga savedefconfig leo, ule mstari unaondoka kwa sababu kwenye matokeo haupo. Kwa macho unaona umesafisha. Ukweli umefuta ushahidi pekee kwamba kuna mtu alikihitaji hicho kitu na kilipotea. Kabla ya usafi huo mstari ulikuwa kama unapiga kelele bila sauti, baada ya usafi hata hiyo hakuna.

Kwa hiyo wale makini hawamwagi savedefconfig tu alafu wakapeleka. Wanatenganisha. Mistari iliyohama nafasi tu inaenda kwenye komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye git) yake, iliyoondoka kwa sababu kitu hakipo tena inaenda kwenye yake na kila kimoja kinaelezwa kiliondolewa lini na komiti gani, na iliyopotea kwa bahati mbaya inarudishwa kwanza ndo usafi unaendelea. Kuna scripts/diffconfig ya kulinganisha kabla na baada, na siku hizi ukiweka KCONFIG_WARN_UNKNOWN_SYMBOLS=1 inakutajia majina isiyoyajua.

fundi_seva

Hii imenigusa pabaya. Ina maana kwenye kila mstari mfu swali si "unasomwa?" tu, kuna na "ulitakiwa usomwe?"

Nimeenda kuangalia kwetu kwa jicho hilo sasa hivi. Kuna callback.verify_signature=true kwenye faili moja. Nikapiga git log -S "verify_signature" nione ilianza wapi na ikaishia wapi. Msimbo unaoisoma uliandikwa upya kipindi fulani, jina likawa verifySignature, na thamani ya kawaida ya jina jipya ni false.

Yaani sisi tunaamini tunahakiki saini za ujumbe unaotoka nje. Faili linasema true. Hatuhakiki.

mzee_wa_logi

Duh.

kijiwe_posta

Mkuu acha uzi karekebishe kwanza.

fundi_seva

Nimeshafungua tiketi na nimempigia mkubwa. Bahati ile njia iko nyuma ya VPN. Ila ningekuwa nafuta kwa kasi ya mwanzo, huo mstari ulikuwa unaenda na wenzake, na nisingejua.

dada_wa_data

Ndo maana mi napenda programu zinazokataa. nginx (programu ya seva ya tovuti) ukiiandikia neno isilolijua kwenye konfigi inagoma kuwaka, inakwambia unknown directive na mstari wa ngapi. sshd, ile ya kuingilia seva kwa mbali, vile vile. Zetu za ofisini tumezifundisha upole, zinameza chochote. Kwa Spring kama mnatumia @ConfigurationProperties wekeni ignoreUnknownFields = false, kawaida yake ni true ndo maana mnaumia. Ikikuta kitu haikijui haiwaki. Itawakera wiki ya kwanza, alafu mtapumua.

mtoto_wa_sinza

Swali la mshamba, samahanini. Kwa nini tusiangalie tu faili lilifunguliwa lini mara ya mwisho? Linux si inahifadhi? ls -lu inaonyesha. Kama halijaguswa toka mwaka juzi si limekufa?

kernelini_tu

Sio ushamba, ila hiyo saa haitembei vizuri. Toka kerneli 2.6.30 ya 2009 kawaida ni relatime, yaani muda wa kusomwa hausasishwi kila mara, mpaka uwe umepitwa na muda wa kubadilishwa ama saa 24 zimepita. Hiyo sio mbaya sana. Ubaya wa kwanza, programu ya bakapu inayosoma folda zima usiku inayafanya yote yaonekane hai. Hata grep yako wewe mwenyewe inayafufua. Ubaya wa pili ni kinyume chake, programu nyingi zinasoma konfigi mara moja tu zinapowaka. Seva ikikaa mwaka bila kurestatiwa, faili linaonekana limelala mwaka mzima wakati kila muamala unapita kwa thamani zake.

Ukitaka kujua nani anafungua nini, iwashe programu kwenye seva ya majaribio chini ya strace -f -e trace=openat (inaonyesha kila faili programu inalofungua), uone orodha ya mafaili. Utashangaa. Yale yanayofunguliwa na hukuyategemea ndo matamu zaidi.

fundi_seva

Sisi tumefanya hiyo, na ndani ya programu tumeweka kitu kidogo kwenye ile getConfig, kila ufunguo ukisomwa mara ya kwanza unaandikwa kwenye logi. Mwisho unalinganisha vilivyomo kwenye mafaili na vilivyowahi kusomwa.

Tunabishana kwenye muda tu. Wengine wanasema wiki mbili zinatosha. Mi nimekataa. Kwetu kuna kazi inaamka mwisho wa mwezi tu, kuna ya ripoti za VAT ambayo inahitajika kabla ya tarehe 20 maana ndo mwisho wa kupeleka ritani TRA, na wateja wetu wa serikalini wanafunga mwaka 30 Juni, siku hiyo kuna vitu vinasomwa ambavyo havijasomwa toka Juni iliyopita. Ukipima wiki mbili za Oktoba hayo yote utayaita marehemu.

kijiwe_posta

Kwa hiyo unasubiri mpaka Juni? Bosi atakuelewa?

fundi_seva

Sisubiri kwa vyote. Vilivyo na ushahidi kamili vinaondoka sasa, mfano faili la seva ambayo hata IP yake haipo tena. Vya ripoti vinakaa mpaka vipite Juni. Katikati kuna vile ambavyo programu ikivikosa inalia mapema inapowaka, hivyo tunafuta bila woga kwa sababu tutajua pale pale, kabla mteja hajajua. Ninavyoviogopa ni vile ambavyo vikikosekana programu inachukua thamani ya kawaida na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Hivyo naenda navyo pole pole, kimoja kimoja.

Bodaboda404

Nimetoka kwenye nanga. Sisi ofisini mtu alisema hatufuti, tunabadilisha jina tu tunaweka .bak mwishoni ili tukihitaji tunarudisha. Ni salama eti.

dada_wa_data

Git ipo kwa ajili gani sasa kaka?

kernelini_tu

Na sio salama hata kidogo, inategemea nani anasoma. Kwenye Debian na Ubuntu, nginx inaita include /etc/nginx/sites-enabled/* yaani kila kilichomo bila kujali mwisho wa jina. Ukiweka malipo.bak humo, umeweka tovuti mbili. Itakwambia conflicting server name kwenye tahadhari na itaendelea, na usishangae ile .bak ndo imeshika maana inafuata iliyotangulia kusomwa. Ila folda la conf.d pale pale pembeni linasoma *.conf tu, huko .bak imelala kweli.

Alafu njoo kwenye cron (inayoendesha kazi kwa ratiba), kwenye Debian hiyo hiyo faili lenye nukta kwenye jina ndani ya /etc/cron.d linarukwa. Kwa hiyo kuna mtu kaweka ripoti.cron humo anaamini inafanya kazi kila usiku, haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Faili moja unadhani limekufa liko hai, jingine unadhani liko hai lilizaliwa limekufa.

Bodaboda404

Nimeangalia sites-enabled yetu. Sitasema nilichokiona.

mzee_wa_logi

Haya nimewasikia. La saini limeninyamazisha, nakiri sikuliona likija. Sasa nami nichangie kwenye upande wangu wa woga, maana woga nao una kazi yake.

Mkifuta, msifute folda zima kwa komiti moja ya "usafi wa konfigi". Nimerivyu kitu cha hivyo, mistari elfu kadhaa nyekundu, hakuna binadamu anayeisoma, watu wanashuka mpaka chini wanabonyeza kubali. Na siku ya kurudisha kitu kimoja unakuta huwezi kufanya git revert bila kufufua takataka zote. Kila kundi lenye sababu moja liwe komiti yake, na sababu iandikwe kwa maneno kamili, "seva hii ilizimwa, msomaji wa mwisho wa faili hili aliondolewa kwenye komiti fulani". Usichanganye na kupanga mistari upya wala kubadili nafasi. Mtu wa 2030 anayetafuta kwa nini kitu kiliondoka atakushukuru, na pengine mtu huyo ni wewe.

Pili, kabla hujafuta muulize aliyeandika kama bado yuko mjini. Mimi bado napigiwa simu za mfumo nilioacha zamani, na sichukii. Swali la dakika mbili kwenye simu linaokoa strace ya siku nzima.

fundi_seva

Asante mzee. Ile "tumezima kwa muda" nimempata aliyeiandika, yuko kampuni nyingine huko Mikocheni. Kacheka sana. Anasema walizima kwa ajili ya majaribio ya benki moja, benki yenyewe haikuja kuunganishwa.

mtoto_wa_sinza

La mwisho wakuu. Kwenye mafaili yetu ya zamani kuna nywila na funguo za watoa huduma zimeandikwa wazi wazi. Nikifuta faili nimemaliza?

dada_wa_data

Hapana kabisa. Kwenye git kufuta faili ni kulitoa kwenye hali ya leo tu, kwenye historia bado limo, yeyote mwenye nakala ya repo anapiga git log -p analisoma. Anza kwa kubadilisha funguo zenyewe kwa mtoa huduma, za zamani zisifanye kazi tena, ndo ufute faili. Ukitaka kuzitoa na kwenye historia kuna git filter-repo, ila inaandika upya komiti zote, kila mtu atalazimika kukloni upya, na nakala zilizoko kwenye laptopu za walioondoka huwezi kuzifikia. Kwa hiyo kubadilisha funguo ndo kazi yenyewe, hayo mengine ni ziada.

mtoto_wa_sinza

Na kama mtoa huduma mwenyewe hayupo tena?

dada_wa_data

Basi ufunguo haufungui mlango wowote. Ila hakikisha ile nywila hamkuitumia na sehemu nyingine. Mara nyingi imetumika.

mtoto_wa_sinza

...imetumika. Kwenye databesi ya majaribio. Ambayo ina nakala ya data za kweli.

fundi_seva

Funga hiyo leo mdogo wangu, uzi huu utaukuta.

Wakuu mrejesho wa upande wangu, la saini limerekebishwa, tumeanza kwa kuandika kwenye logi tu ujumbe ambao saini yake haiko sawa bila kuukataa, tuone kama kuna mshirika anayetuma bila saini, maana kwa muda wote huo huenda wapo. Tukimaliza nao ndo tunaanza kukataa. Ule mstari wa zamani wa verify_signature umeondoka kwenye komiti yake peke yake na maelezo marefu kuliko msimbo. Ya ripoti yamebaki, nitarudi hapa Julai.